Kumlinda Mtandaoni Mwanafunzi wa Sekondari Mwenye Mahitaji Maalumu: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu na Mzazi

"Usiongee na mtu usiyemjua." Kanuni hii hubandikwa ukutani kwenye maabara za kompyuta, na kwa wanafunzi wengi inatosha kuanzia. Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye usonji, naye ataishika neno kwa neno: mtu aliyechati naye Jumatatu, Jumanne na Jumatano, ikifika Alhamisi si mgeni tena. Anamjua. Hajavunja kanuni yoyote, na picha zake zimeshaondoka.

Kwa hiyo kazi ya mwalimu au mzazi ni kuigeuza kila kanuni iwe kitendo kinachoonekana, kinachofanywa kwa kidole, kwenye simu ileile anayoitumia mtoto. Mwongozo huu unafuata mazingira ya Tanzania, ambako shule nyingi za bweni haziruhusu simu, na mwanafunzi hushika ya mama jioni au ya kaka wakati wa likizo. Mzazi na mwalimu wanagawana kazi hii, na asiyejua mwenzake amefundisha nini humchanganya mtoto.

Kwanza, jua anakosea wapi

Jina la ulemavu halikuelezi mtoto atateleza wapi. Wanafunzi wawili wenye uoni hafifu wanaweza kutapeliwa kwa njia mbili tofauti kabisa. Tenga kipindi kimoja cha dakika 40, mwanafunzi mmoja kwa mara moja, na karatasi tano. Kila karatasi iwe na ujumbe mmoja kwa herufi kubwa, saizi 18 au zaidi. Kwa asiyeona, andika kwa nukta nundu au usomwe na simu.

Ujumbe wa kwanza uwe ule unaojulikana nchi nzima: "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja…" Wa pili, salamu ya kawaida kutoka namba ya mama: "Nimefika salama, pika ugali." Wa tatu: "Hongera, umeshinda. Tuma namba yako ya siri upokee zawadi." Wa nne, kutoka kwa mtu mwenye picha ya kijana aliyevaa sare ya shule: "Nitumie picha yako, usimwambie mtu." Wa tano ni taarifa halali ya mtandao wa simu kwamba bando limenunuliwa.

Zile mbili halali usiziache. Ukimpa tano zote za uongo, atajifunza kusema "tapeli" kwa kila kitu, utamsifu bure, na wiki ijayo atampuuza mama yake.

Swali ni moja tu: "Utafanya nini?" Usiulize "Je, huu ni utapeli?" maana swali hilo lina jibu ndani yake. Andika anachofanya, kisha tazama kosa lake liko wapi. Yupo anayeamini maneno yalivyo. Yupo anayejibu kabla hajamaliza kusoma. Yupo asiyeweza kusoma vizuri, anayebahatisha kwa kutazama nembo na picha. Wa nne ndiye anayesahaulika: anajua kabisa kuna tatizo, ila hawezi kumkatalia mtu mzima. Tumewalea watoto wetu kwa shikamoo na utii, na tapeli analijua hilo. Hupiga simu akijiita mjomba, au mwalimu wa taaluma. Mtoto mwenye ulemavu wa akili aliyezoezwa kutii kila amri ya mkubwa yuko hatarini kuliko asiyejua kusoma.

Kuandaa simu

Fanya kwa mpangilio huu, mtoto akiwa amekaa kando yako anaona. Ukimfanyia akiwa hayupo, siku mipangilio ikibadilika hatajua.

1. Laini. Piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika ikafutwe. Laini anayotumia mtoto isajiliwe na mzazi kwa utaratibu wa watoto, isiwe ya jirani wala "ya rafiki wa kaka", kwa sababu likitokea jambo, mwenye laini ndiye anayetafutwa na ndiye anayeweza kuifunga.

2. Namba za siri. Ya kufungua simu na ya pesa zisifanane, na isiwepo hata moja iliyo mwaka wa kuzaliwa. Mwanafunzi mwenye disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika) anayegeuza 6 kuwa 9 atafungiwa mara kwa mara, na akichoka ataomba rafiki amfungulie. Hapo siri imekwisha. Mwekee alama ya kidole, na namba iwe ya akiba ambayo mzazi pia anaijua.

3. Pesa. Kama simu ni ya mama na ina M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas, usitegemee ahadi. Simu nyingi za Android zina uwezo wa kubandika programu moja kwenye skrini: fungua Mipangilio, andika "bandika" kwenye kisanduku cha kutafutia, washa, kisha washa pia sehemu ya kudai namba kabla ya kubandua. Mtoto akipewa simu kusoma notsi, anabaki kwenye notsi. Kiswaswadu, ile simu ndogo ya vitufe, hakina kitu hiki, lakini pia hakina mengi ya kuogopa zaidi ya SMS na simu za kupigiwa.

4. WhatsApp. Kwenye Faragha, weka picha ya profaili, "mara ya mwisho kuonekana" na stetasi zionekane na anwani zake tu. Kwenye sehemu ya vikundi, chagua kwamba anwani zake pekee ndizo zinaweza kumwongeza. Bila hivyo ataamka asubuhi yumo kwenye kundi la watu 400 wa "ajira za mtandaoni". Nyamazisha wapigaji wasiojulikana. Kagua vifaa vilivyounganishwa, na ukiona kompyuta usiyoijua, iondoe papo hapo. Mwisho washa uthibitishaji wa hatua mbili, wenye namba sita.

Simama hapo kwenye namba sita, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. Zipo mbili, na zote ni tarakimu sita. Moja mmeichagua wenyewe na inakaa. Nyingine WhatsApp huituma kwa SMS mtu anapojaribu kufungua akaunti yako kwenye simu nyingine. Mwizi huandika, "Samahani mdogo wangu, nimekutumia namba sita kwa bahati mbaya, nirudishie." Mwanafunzi mkarimu hurudisha, na dakika mbili baadaye akaunti yake inawaomba hela shangazi zake wote. Usimfundishe tofauti ya namba hizo mbili, itamchosha bure. Mfundishe hivi: namba sita hazitoki kwenye simu yangu. Hazisemwi, haziandikwi, hazipigwi picha.

5. Umri. TikTok huifanya akaunti ya aliye chini ya miaka 16 kuwa ya faragha na humzuia kutumiana ujumbe wa moja kwa moja. Ulinzi huo unategemea mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa siku ya kujiunga. Akaunti nyingi za watoto zimeandikwa miaka 25, kwa sababu zilifunguliwa kwa barua pepe ya mzazi au mtoto alitaka mlango ufunguke. Afadhali kufungua akaunti mpya yenye umri wa kweli kuliko kuhangaika na mipangilio ya ile ya zamani.

6. Namba za msaada. Hifadhi watu watatu wa kukimbilia kwa majina yanayoanza na AA: "AA Mama", "AA Mwalimu", "AA Dada". Yatakaa juu kabisa kwenye orodha, na mtoto aliyetaharuki hatatafuta. Weka picha ya kila mmoja.

Mlango ambao watu hawauoni: zana za ufikivu

Sehemu hii inawahusu wanafunzi wenye ulemavu kuliko mtu mwingine yeyote, na ndiyo inayoachwa kwenye semina.

Programu inayosoma skrini, inayokuza maandishi au inayogeuza maneno ya skrini kuwa sauti kwa kawaida haifanyi kazi bila kupewa ruhusa ya zana za ufikivu. Ruhusa hiyo ni nzito: aliyepewa anaweza kusoma kila kilichoandikwa kwenye skrini na hata kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Ndiyo maana programu za wizi huiomba. Mtumiaji wa kawaida akiona ombi la ajabu hushtuka. Mwanafunzi asiyeona hashtuki, kwa sababu amezoea kuombwa na amezoea kukubali.

Weka kanuni moja isiyo na mjadala: ruhusa ya ufikivu hutolewa na mzazi au mwalimu aliyekaa pembeni, kwa programu zilizotoka Play Store tu. Faili la APK (la kuweka programu kwenye simu) lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp halifunguliwi, hata likiitwa "Notsi za Biolojia". Kila mwanzo wa muhula fungua Mipangilio, ingia Zana za ufikivu, soma orodha ya zilizowashwa. Usichokitambua kizime, kisha kiondoe.

Zana zenyewe zinazofaa zimo tayari kwenye simu nyingi za Android au zinapatikana bure: TalkBack kwa asiyeona, ukuzaji na rangi geuzo kwa mwenye uoni hafifu, Chagua Ili Izungumze kwa mwenye disleksia, na Unukuzi Papo Hapo, unaofahamu Kiswahili, kwa asiyesikia vizuri. Hakuna sababu ya kutafuta nyingine mitaani.

TalkBack ina hatari yake ndogo: inasema kwa sauti. Kwenye daladala, mtu wa kiti cha nyuma anasikia SMS ya pesa kama wewe. Mzoeze mwanafunzi kuvaa spika moja sikioni (sikio la pili libaki wazi kwa usalama wa barabarani), na kwenye mipangilio zima usomaji wa manenosiri kwa sauti. Kwa wakala wa pesa, aingize namba ya siri mwenyewe. Wakala mwema anayesema "nitajie nikusaidie, mwanangu" bado hatajiwi.

Kufundisha: kadi, marudio na uigizaji

Semina ya saa tatu yenye projekta haiwafai wanafunzi hawa. Dakika 10, mara tatu kwa wiki, kanuni moja kwa wiki mbili: ndivyo inavyoingia. Kwa wiki 12 ndani ya muhula utafundisha kanuni sita, na sita zilizokaa kichwani zinazidi ishirini zilizosomwa ubaoni.

Tengeneza kadi ya ukubwa wa kitambulisho, uifunike kwa plastiki. Iwe na picha tatu na maneno matatu: SIMAMA (kiganja), USIBONYEZE (kidole chenye mstari mwekundu), ONYESHA (watu wawili wakitazama simu). Kadi inakaa nyuma ya kava la simu. Neno la tatu ndilo zito. Hatumwombi mtoto aamue kama ujumbe ni wa kweli. Tunamwomba amwonyeshe mmoja wa wale watatu wa AA. Kuamua ni kazi ngumu hata kwa mwenye digrii.

Mazoezi yawe ya kuigiza, kwa simu halisi. Mwalimu anatuma kutoka namba nyingine: "Ile hela itume kwenye namba hii." Mwanafunzi anatoa kadi, anagusa kila picha, anakuja kuonyesha. Ulizaneni: ulikuwa na deni na mtu? Nani? Aliwahi kutumia namba hii? Ujumbe huu unafanya kazi kwa sababu haumtaji mtu. Humwachia msomaji ajaze mwenyewe jina la yule anayemdai. Ukishamwonyesha pengo hilo mara tano, mwanafunzi huanza kuliona hata kwenye ujumbe mwingine.

Kwa asiyeweza kukataa, mpe maneno tayari, yenye adabu na mafupi: "Shikamoo. Nitamuuliza mama." Kisha anakata simu. Mfanyieni zoezi mkipandisha presha: mara ya kwanza mpigaji mpole, ya pili mwenye haraka, ya tatu anayefoka "unanidharau?" Kukata simu ya mtu mzima ni jambo ambalo mtoto anahitaji kuruhusiwa waziwazi, na anayemruhusu awe mzazi, mbele yake.

Mengine yanategemea mtoto.

Mwenye usonji mpe vigezo vya kuhesabika badala ya neno "rafiki". Rafiki wa mtandaoni ni mtu ambaye nimekutana naye ana kwa ana, mama anamjua kwa jina, na tunasoma au tunasali pamoja. Kikikosekana kigezo kimoja, ni "mtu wa simu tu", na mtu wa simu tu hapewi picha, jina la shule wala mahali. Kigezo kimaanishe kinachosema. Ukimwekea "mtu mzuri" umerudi mwanzo.

Kiziwi huenda akasoma Kiswahili cha kuandikwa kama lugha ya pili, hivyo ujumbe wenye methali au mzunguko humpita. Fundisha kwa Lugha ya Alama ya Tanzania, na kubalianeni alama za "tapeli", "namba ya siri" na "onyesha" kabla ya somo, maana mkalimani akizibuni papo kwa papo kila siku zitakuwa mpya. Mawasiliano yake mengi ni ya video: kabla ya kupiga ageuze simu aone nyuma yake kuna nini. Ukuta wenye jina la shule na sare yenye nembo vinaeleza zaidi ya alichokusudia.

Asiyeona na mwenye uoni hafifu hutegemea sauti, na siku hizi sauti inaigizwa na kompyuta. Chagueni neno la nyumbani, la kipuuzi kidogo, "embe dodo" kwa mfano, ambalo ndugu anayeomba pesa kwa simu lazima alitaje. Lisiandikwe popote.

Asiyetulia na asiye na subira hukosea kwa kasi. Muda ndio dawa yake: zima arifa za programu zote isipokuwa simu na SMS, na umwekee kikomo cha muda kwenye sehemu ya Digital Wellbeing ndani ya Mipangilio. Huyu pia ndiye wa kumwangalia kwa kubeti. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari, lakini akaunti ya kubeti inayotumia laini ya kaka haiulizi anayebonyeza ni nani.

Mwanafunzi mwenye ualbino asiweke picha zinazoonyesha njia anayopita wala kituo anachoshukia, na lokesheni ya kamera izimwe. Hili halina mjadala.

Shuleni

Kila mwanafunzi awe na akaunti yake kwenye kompyuta za maabara. Nywila moja ya darasa zima iliyoandikwa ubaoni humfanya mwenye kumbukumbu hafifu aamini kwamba nywila ni kitu cha kila mtu. Flashi zipitishwe kwenye antivirusi kabla hazijafunguliwa.

Faili la tathmini ya ulemavu wa mwanafunzi lisikae kwenye kompyuta ya wote, wala lisipigwe picha na kutupwa kwenye kundi la walimu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya na za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Hapo ndipo shule nyingi hujikwaa bila nia mbaya: picha ya wageni wakikabidhi viti mwendo, nyuso za watoto wazi, majina yao chini, jina la shule juu. Pata idhini ya maandishi ya mzazi, na muulize mtoto pia.

Na kuhusu adhabu: mtoto akija kusema anatishiwa, mkamchapa kwanza kwa kosa la kuingiza simu bwenini, mmewafundisha wengine wote kunyamaza. Taarifa ya madhara ishughulikiwe kwanza, tena na mtu mwingine. Suala la simu lije baadaye. Kumnyang'anya kiziwi simu ni kama kumziba mdomo, kwa hiyo adhabu hiyo ifikiriwe mara mbili.

Jambo likishatokea

Pesa imetumwa: piga 100 huduma kwa wateja papo hapo, eleza muamala, muda na namba. Kila dakika tapeli yuko njiani kwenda kwa wakala. Ujumbe wenyewe uupeleke 15040, namba isiyo na gharama ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, kisha ufuate maelekezo ya kuingiza namba iliyoutuma.

Akaunti imetekwa: jaribu kuifungua upya kwa namba ile ile, na wapigie ndugu kwa simu ya kawaida uwaambie wasitume kitu.

Matusi na vitisho: piga picha za skrini zikionyesha namba, tarehe na saa. Ndipo umbloki mhusika. Ukimbloki na kufuta mazungumzo kwanza, umefuta ushahidi. Uonevu wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Picha za utupu za mtoto ni habari tofauti, na hapa watu wema huvunja sheria. Usizipige picha ya skrini, usizitume kwa mwalimu mkuu, usizitume kwa baba "aone". Kuzisambaza ni kosa hata kama nia ni ushahidi. Andika kwenye karatasi akaunti, namba, tarehe na maneno ya vitisho, zima simu, ipeleke yenyewe Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Anayetishia akidai pesa asilipwe. Akilipwa anarudi siku ya pili na kiwango kipya. Huduma ya Take It Down, ya bure, humsaidia aliye chini ya miaka 18 kuzuia picha yake isisambae kwenye mitandao mikubwa bila picha yenyewe kutoka kwenye simu yake. Inatengeneza alama ya utambulisho tu na kuipeleka kwa mitandao hiyo.

Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, bure, Bara na Zanzibar, na Kenya ni namba hiyohiyo. Ni ya sauti, hivyo kwa kiziwi panga mapema nani atampigia, na iwe mmoja wa wale watatu wa AA.

Unapomhoji mtoto, uliza mara moja na uandike maneno yake kama alivyoyasema. Mwenye ulemavu wa akili akiulizwa swali lilelile mara nne hudhani jibu la kwanza lilikuwa baya, hubadilisha, na kesi inakufa hapo. Maswali yawe ya wazi: "Kisha ikawaje?" Si "Alikuambia uvue, sivyo?"

Kabla ya likizo ya Juni na ya Desemba, rudia lile zoezi la karatasi tano kwa ujumbe mpya, piga *106#, kagua zana za ufikivu, na umkabidhi mzazi nakala ya pili ya kadi. Ya kwanza kwa kawaida itakuwa imeshapotea.